Mikono Yangu Haikuliwa na Korosho

Walioniona siku hizo walidhani korosho ndizo zilizonila mikono, nami niliwaacha wadhani hivyo kwa sababu dhana ile ilinisitiri. Kilifi yote ilimjua mwanamke wa kiwanda cha korosho kwa vidole vyake. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayochoma ngozi, na sisi tuliokuwa tukibangua tulibambuka viganja, kucha zikawa nyeusi, tukazoea. Basi mikono yangu ilipoanza kupasuka na kutoa damu, nani angeuliza? Nilipaka mafuta ya nazi kama wenzangu, nikaenda kazini.

Naandika haya nikiwa mzima, nimekaa barazani, chai iko karibu. Namwandikia mtu mmoja tu: yule aliyejifungia bafuni na ndoo ya maji, anasikia watu wakimwita nje, anajua kabisa kwamba anachofanya hakina kichwa wala miguu, na hawezi kuacha. Mwenzangu, mimi si daktari. Ukitaka majina ya vitabuni, muulize aliyesoma. Mimi nitakueleza nilivyoingia na nilivyotoka.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati Kilifi bado inavushwa kwa feri. Mimi na mume wangu Karisa tulipanga chumba Kibarani, nyumbani kwa Bi Salama, mjane mwenyeji wa Mambrui. Karisa alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Hoteli zilikuwa zikiota Malindi kama uyoga, kwa hiyo alikaa huko wiki nzima, akarudi Jumamosi na vumbi la makuti masikioni. Mtoto wetu wa kwanza, Kache, alikuwa hajatimiza mwaka.

Mambo yalianza kwa mtoto wa mtu mwingine. Mwenzangu mmoja wa kiwandani alirudi kwake na korosho mbichi imenasa katika pindo la leso. Mwanawe akaiokota, akaitafuna na ganda lake. Midomo ikavimba, ikatoka malengelenge, mtoto akashindwa kula. Baada ya siku chache alikuwa amepona, anakimbiza kuku uani, na mama yake akasahau. Mimi, ambaye mtoto hakuwa wangu, sikusahau.

Siku hiyo nilinawa vizuri kabla ya kumnyonyesha Kache. Hapo hapana kosa, mama yeyote angenawa. Kesho yake nikanawa mara mbili. Kisha nikafikiri: kata niliyotekea maji niliishika kabla ya kunawa, kwa hiyo kata ina mafuta ya ganda, na maji yaliyotoka katika kata yana mafuta. Nikaosha kata. Nikafikiri tena: sabuni nayo niliishika na mkono mchafu. Nikanunua sabuni ya kuoshea sabuni. Cheka tu, mwenzangu. Hata mimi siku hizi nacheka, lakini wakati ule nilikuwa nikilia huku nasugua.

Msimu wa korosho ulipokwisha na mawingu ya masika yakaanza kujikusanya, nilikuwa nimeacha kumnyonyesha. Sikuamua kuacha. Ziwa nalo ni ngozi, na ngozi imeguswa na gauni, na gauni limepita kiwandani. Maziwa yalinijaa yakalowesha nguo, mtoto analia kitandani hatua tatu kutoka nilipo, nami nipo kwenye karai nanawa ili nimshike. Nikimaliza, nanawa tena. Maziwa yakakauka yenyewe. Nilikonda, nywele zikanyonyoka mbele, na hedhi ikakatika miezi minne.

Karisa hakuelewa, naye hakuwa mtu mbaya.

"Dama, hili pipa nililijaza jana," aliniambia Jumapili moja.

"Nilifua."

"Ulifua nini? Kamba iko tupu."

Nikamwambia nguo zimekauka nimezikunja. Nilikuwa sijawahi kumdanganya mume wangu hata siku moja, na tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Halafu nilianza kumfanya yeye hakimu. Nilimwonyesha viganja: tazama, ni safi? Akasema ni safi. Nikapumua. Kabla chai haijapoa namwonyesha tena. Mwanzo alijibu kwa mapenzi, kisha kwa uchovu, mwisho kwa kelele hadi majirani wakanyamaza kusikiliza.

Jambo lililovunja nyumba lilitokea mchana, jua kali. Mama yake Karisa alikuja kutoka kijiji cha Ganda, karibu na Malindi, bila kutuarifu, kama ilivyo haki ya mavyaa. Alinikuta nimempakata Kache, nina kitambaa cha sabuni, namsugua midomo. Nilikuwa nimemwona akitia kidole kinywani, na kidole hicho nilihisi kimegusa leso yangu. Nilisugua mpaka mtoto akaacha kulia, akawa na kwikwi tu ya kilio kilichokwisha. Mavyaa akaninyang'anya kitambaa. Kilikuwa na damu.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alimfunga mjukuu wake mgongoni, akachukua nguo zake mbili tatu.

"Ukipona utamfuata," akasema. "Usipopona, Mungu atanisaidia kumlea."

Nilisimama mlangoni nikamwangalia akienda na mwanangu. Nitakwambia ukweli ulionitesa kuliko yote: moyoni mwangu kulikuwa na afueni ndogo, kwamba sasa sitamdhuru. Kisha nikaingia ndani, nikaanguka chini, nikalia kama aliyefiwa.

Kila mtu alikuwa na jina la kuniita. Mavyaa alisema ni pepo, ametumwa na mtu wa kiwandani anayetaka nafasi yangu. Dada yangu alisema ni kiburi cha mjini, nimejifanya msafi kushinda watu. Mchungaji wetu aliniuliza kwa upole ni dhambi gani ninayoiosha. Mtu mwema, lakini swali lile lilinikalisha wiki mbili natafuta dhambi. Nilizipata nyingi, ila hapakuwa na hata moja ya ukubwa huo.

Nami nikakimbilia jina lililokuwa rahisi: korosho. Nilikwenda zahanati nikaonyesha mikono, nikasema mafuta ya ganda. Nani angebisha? Walinipa dawa ya kupaka na wakaniambia ninawe vizuri kabla ya kuipaka. Wewe fikiria! Nilirudi nyumbani na ruhusa ya daktari mkononi. Nilipaka, nikahisi chupa ya dawa imechafuka, nikanawa, nikapaka, nikanawa. Mikono ikazidi. Wakanibadilishia dawa mara ya pili, na mara ya tatu. Masika yakapita, kipupwe kikaingia, nami nimekaa katika benchi lile la zahanati na vitambaa vidoleni, watu wakinihurumia kwa ugonjwa nisiokuwa nao.

Kiwandani walinihurumia pia. Nyapara wetu aliniondoa kwenye kubangua akanipeleka chumba cha kuchagua, ambako korosho zimekwisha kumenywa, nyeupe, hazina mafuta ya kumdhuru mtu. Kazi ni kutenga nzima kando na vipande kando. Wenzangu walinionea wivu. Baada ya mwezi nyapara alisimama nyuma yangu akashangaa.

"Mama Kache, ganda hushiki tena. Mbona mikono yazidi kuoza?"

Nilisema nafikiri sumu imeingia damuni.

Aliyeujua ukweli alikuwa Bi Salama, na aliujua kwa masikio. Chumba chake kilipakana na bafu. Asubuhi moja nilipotoka nilimkuta ameketi juu ya mbuzi wake anakuna nazi. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha hakuniachia nipite.

"Keti, mwanangu. Hebu nambie, ulipoingia mle chooni mimi nilikuwa sijavunja hata nazi ya kwanza. Sasa nimekuna ya tatu. Ulikuwa wafanya nini?"

"Naoga, Bi Salama."

"Mwili wako ni mdogo hivyo na kuoga kwako ni kurefu hivyo? Wewe si korosho hizo. Wewe una wasiwasi."

Nikamwambia kila mtu ana wasiwasi. Akacheka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Huo wa kila mtu ni wa mvua na wa ada ya shule. Mimi nakwambia wasiwasi wenyewe. Nina ndugu yangu, tumbo moja, kule Mambrui. Alikuwa akenda kutawadha, watu wasali, wamalize, watoke, yeye yuko birikani bado aosha mguu. Ajua ameuosha. Ameuona kwa macho yake. Lakini kitu chamwambia, la, hujaosha. Tulimcheka, tukamsema, tukamfungia maji. Hakuna lililofaa."

"Alipona?"

"Imamu wa zamani yule, Mungu amrehemu, alimwita akamwambia: ukisha kutawadha mara moja, ondoka. Nafsi ikikwambia hujatawadha, usibishane nayo. Nenda ukasali na shaka yako hivyo hivyo. Ilimtoa jasho, mwanangu. Lakini leo asali kama watu, na ana wajukuu."

Sijui nikueleze vipi nilichosikia pale. Ilikuwa kama mtu aliyepotea mwituni akaona nyayo za mwenzake mchangani. Kulikuwa na mtu mwingine! Mwanamume, Mwislamu, hajawahi kushika ganda la korosho, na alikuwa akifanya haya haya. Basi si pepo wa kutumwa kwangu, wala si dhambi yangu, wala si korosho. Nilimlilia Bi Salama magotini, naye akanipigapiga mgongoni kwa mikono yenye nazi. Nikafikiria ile nazi kwenye gauni langu, lakini nilikaa.

Jumamosi hiyo nilimweleza Karisa kila kitu: maji, uongo, chupa za dawa, yote. Nilidhani atasema ataoa mwingine. Akasema, "Kumbe. Mimi nilifikiri hunitaki tena." Hapo ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile sikumgusa, naye alibeba lake peke yake.

Karisa alinipeleka hospitali ya Kilifi, nikasema yote, nao wakatuelekeza Mombasa, kwenye kliniki ya magonjwa ya akili. Tulivuka feri alfajiri ya siku ya kliniki, nimekunja mikono kifuani nisiguse chuma. Usidhani nilikwenda kwa ushujaa. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi manne na watu wa kila aina: mzee aliyeongea na ukuta, msichana aliyekuwa halali, mwalimu aliyevaa tai na hakusema neno. Nilisimama saa nzima nisikalie benchi. Mama mmoja wa makamo, aliyemleta mwanawe, alimenya chungwa akanipa nusu. Nilikataa kwa kichwa. Hakununa. Akanitazama mikono, akalitenga lile chungwa pande moja moja juu ya jani la gazeti, akalisogeza karibu yangu. "Utakapoweza," akasema. Sikuweza siku hiyo, ila sijamsahau mama yule.

Aliyenishughulikia zaidi alikuwa muuguzi mmoja mtu wa bara, tulimwita Bwana Wafula. Hakushangaa hata kidogo, na hilo peke yake lilikuwa dawa.

"Wewe unapenda usafi?" aliniuliza.

"Watu wanasema hivyo."

"Mimi nauliza wewe. Mtu anayependa usafi akimaliza kuosha nyumba, anakaa chini anaona raha. Wewe ukimaliza unaona raha?"

"Sioni. Na simalizi."

"Basi hiyo si kupenda. Hiyo ni kushikwa."

Nimelifikiria neno lile miaka mingi. Karisa ana timu yake ya mpira, akikosa matangazo ya redioni hali chakula. Huo ni ushabiki, nao una utamu. Mlevi ana uraibu wake, na hata kama unamuua, mwanzoni ulimchekesha. Mwenye bidii humwambii aache kazi. Mwenye mapenzi haambiliki. Wote hao wanakifuata kitu wanachokitaka. Mimi kilichonishika sikukitaka hata dakika moja. Nilikuwa nikikimbia hofu, nikageuka mtumwa wa ndoo. Ukitaka kumjua mgonjwa wa aina yangu, usimtazame anarudia jambo mara ngapi. Muulize kama analipenda.

Nilipewa vidonge. Vilinikausha mdomo mpaka ulimi ukanata, vikanifunga choo, vikanitetemesha vidole, na kwa mara ya kwanza tangu nizae nikaanza kunenepa. Wiki za mwanzo niliona vinanitesa bure. Kufikia vuli, ile sauti ya kichwani ilikuwa bado ipo, ila ilikuwa imesogea hadi chumba cha pili.

Dawa nyingine ilikuwa ngumu zaidi. Bwana Wafula aliniambia nije na maganda makavu ya korosho katika karatasi. Niyashike, niyaweke, kisha nikae bila kunawa hadi mshale mrefu wa saa uzunguke duara lote. Mara ya kwanza nilitokwa jasho la kwapa hadi kiunoni na moyo ukanidunda nikadhani nazimia. Nilimtukana kwa Kigiriama, yeye akaandika kitu kwenye faili. Karibu na mwisho wa saa ile, hofu ikashuka yenyewe. Sikuifanya chochote. Nilikuwa sijui kwamba hofu hushuka yenyewe, kwa sababu tangu mwanzo sikuwahi kuipa nafasi.

Karisa naye alipewa amri yake na Bwana Wafula.

"Akikuonyesha mikono, usimwambie ni safi."

"Nimwambie ni michafu?"

"Usimwambie kitu. Mwambie mchezo wa jana uliishaje."

Ikawa hivyo. Katika Jumapili chache niliujua mpira wa Kenya kuliko waamuzi. Nilimchukia, nikamrushia kata moja, tukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja katika nyumba ile tangu Kache aondoke.

Usitegemee njia iliyonyooka. Masika yaliyofuata nilirudi nyuma. Barabara ilikatika, nikakosa kliniki mbili, vidonge vikaisha, na siku moja nikajikuta nimejificha nyuma ya nyumba ya jirani nanawa kwa maji ya mvua yanayotoka kwenye bati. Bi Salama alinikuta. "Umeanguka," akasema. "Haya, inuka, twende tukapike." Nikakanda naye unga wa mahamri na mikono ile ile.

Mambo machache nakuomba, wewe uliyeko bafuni. Mwambie mtu mmoja, wa kwanza akikucheka mwambie wa pili. Usilifiche chini ya ugonjwa mwingine wenye heshima zaidi, kwa sababu utapewa dawa ya ugonjwa huo. Na usingoje hofu iishe ndipo utoke. Toka nayo.

Kipupwe kilipoingia tena, ngozi ya viganja vyangu ilikuwa imefunga. Bwana Wafula alisema niende Ganda. Nilikwenda peke yangu, kwa sababu nilitaka nikishindwa nishindwe bila shahidi wa nyumbani.

Kache alikuwa anatembea, anazungumza, ana miguu ya vumbi hadi magotini. Hakunijua. Alijificha nyuma ya mavyaa akauliza kwa Kigiriama huyu ni nani, na mavyaa akamjibu, "Mamako." Akanitazama kama unavyomtazama mtu wa sensa. Niliumia sana, mwenzangu, sitakuficha. Mwaka mzima na zaidi niliogopa nitamtia sumu, haikunipitia kwamba atanisahau.

Mavyaa alipika sima na mchicha, na samaki mkavu wa nazi. Alileta birika na karai, nikanawa mara moja kama mgeni yeyote, akaondoa maji. Nilimwona ananiangalia akijifanya haangalii. Akaweka sinia mbele yangu, akamketisha Kache kando yangu, akainuka.

"Mwana ni wako," akasema. "Mlishe."

Akaenda jikoni. Alikaa huko, sasa najua, amesimama nyuma ya mlango, roho mkononi kama mimi.

Nilimega tonge. Nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikalichovya mchuzi, nikatoa mwiba mmoja wa samaki. Ile sauti ikaamka chumba cha pili. Nikaiacha iseme. Nikanyoosha mkono hadi mdomoni kwa mwanangu.

Kache alifumba kinywa. Akakitazama kidole changu, akanitazama usoni kwa ukali wa bibi yake, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa.

"Umenawa?" akauliza.

Nilisikia kitu jikoni kikianguka. Mavyaa alikuwa ameangusha mwiko.

"Nimenawa," nikamwambia.

Nami nilikuwa nalijua hilo. Sikulifikiri, sikulipima. Nilikuwa nimenawa.

"Haya," akasema Kache, akafungua kinywa. Alitafuna, akameza, akasogea karibu kidogo, akafungua tena.